Shayiri ya kimea: mbolea kiasi gani ndio inalipa? Jibu kwa mkulima aliyekataliwa mzigo kwa protini 13.4

Mkuu nimelisoma swali lako, nalirudia kwa kifupi ili na wengine wafuatilie. Unalima shayiri ya kimea, ile ya kutengenezea bia, kwa kutegemea mvua, unabadilisha na maharage, yani shayiri kila mara inafuata maharage. Msimu uliopita ulipandia DAP (mbolea yenye naitrojeni na fosforasi) mifuko 2 kwa hekta, ukakuzia urea (yenye naitrojeni tu) mifuko 3, miwili mapema na wa tatu shayiri ikiwa inakaribia kutoa masuke sababu uliona imefifia rangi. Ukavuna tani 2.9 kwa hekta, ukafurahi, alafu mnunuzi kapima protini kakuta asilimia 13.4 wakati mkataba unasema mwisho 12, mzigo wote ukaishia bei ya chakula cha mifugo. Sasa mbolea imepanda na unauliza uweke kiasi gani ambacho hakitakuumiza.

Kwanza pole. Pili, bahati nzuri ni kwamba ile karatasi ya protini waliyokupa ni kipimo kizuri kuliko ushauri wa watu kumi akiwemo mimi, kwahiyo tuanze nayo kabla hatujagusa bei.

Protini ya punje ni naitrojeni tu kwa jina lingine, ukigawa protini kwa 6.25 unapata naitrojeni. Tani zako 2.9 ukitoa unyevu kama asilimia 13 zinabaki kilo 2,520 hivi kavu, protini 13.4 maana yake naitrojeni asilimia 2.14, kwahiyo punje zako zilibeba kilo 54 za naitrojeni kwa kila hekta. Shayiri hiyo hiyo kwa uzito huo huo ingekuwa na protini 11, ingebeba kilo 44. Tofauti ni kilo 10. Na kwa kuwa mmea haunyonyi mbolea yote unayomwaga, kwa kawaida unapata kama nusu, kingine kinaoshwa na mvua, kingine kinapaa hewani, kingine kinabaki kwenye udongo na mabua, basi zile kilo 10 zilitokana na kama kilo 20 za naitrojeni ya mfukoni. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Umeona? Ni kama mfuko mmoja mzima wa urea umegeuka protini ambayo hakuna mtu aliyekulipa, na mbaya zaidi ndio iliyokunyang'anya bei ya kimea kwenye tani zote. Na sina shaka sana ni mfuko gani, ni ule wa tatu.

Sababu ni hii. Naitrojeni inayoingia mapema, tangu kupanda hadi shayiri inatoa machipukizi, ndio inaamua utakuwa na masuke mangapi na punje ngapi, huo ndio mzigo. Ikishaanza kurefuka shina idadi ya masuke ishaamuliwa kwa sehemu kubwa, na ukiweka naitrojeni wakati jani la mwisho la juu limeshatoka mmea hauna tena pa kuipeleka kwenye mavuno, unaipeleka kwenye punje kama protini. Mtu wa ngano ya mkate anafanya hivyo makusudi maana yeye analipwa protini. Wewe unalipwa kwa kutokuwa nayo nyingi. Yule jirani wa ngano anaweza akakushauri vizuri kabisa na ukaharibikiwa vizuri kabisa.

Watu wengi wanauliza kwani kiwandani protini inawakera nini. Punje ikijaa protini wanga unapungua, na wanga ndio unaotoa sukari ya kuchachusha, kwahiyo kimea kinatoa mazao kidogo, punje inakunywa maji polepole kwenye kuloweka, na bia inaweza kuwa na wingu, yani isiwe angavu. Ila na chini sana nako wanakataa, ikishuka huko chini ya 9 na nusu hivi hamira inakosa chakula na vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari vinakuwa pungufu. Kwahiyo kuna mlango mwembamba, wanunuzi wengi wako kati ya 9.5 na 12, wengine wanaenda hadi 12.5 au 13 kutegemea aina ya bia na aina ya shayiri. Soma mkataba wako, hiyo namba ndio ya kwanza kwenye hesabu ya mbolea, hata kabla ya bei ya urea.

Sasa tuje kwenye hesabu ya kinachokulipa. Hapa nataka tuache kabisa fedha, tuhesabu kwa kilo za shayiri, sababu bei zinabadilika kila mwezi ila hesabu hii haibadiliki. Chukua bei ya mfuko wa urea ikiwa imefika shambani, na usafiri ndani yake, gawa kwa 23, umepata bei ya kilo moja ya naitrojeni. Alafu gawa kwa bei ya kilo moja ya shayiri unayolipwa wewe mkononi baada ya makato yote. Jibu ni kilo ngapi za shayiri zinanunua kilo moja ya naitrojeni. Tuseme kwako ni 5. Basi kila kilo ya naitrojeni unayoongeza ni lazima ikurudishie zaidi ya kilo 5 za shayiri, ikirudisha 4 umeilisha ardhi bure.

Twende na mfano, namba hizi nimezitunga ili hesabu ionekane, shamba lako litakuwa na zake. Bila naitrojeni shamba linatoa kilo 1,800 kwa hekta. Ukiweka 20 linatoa 2,300. Ukiweka 40 linatoa 2,650. Sitini, 2,850. Themanini, 2,900. Mia, 2,800, hapo imeanza kulala chini na punje zimekuwa nyembamba. Angalia nyongeza: zile kilo 20 za kwanza zimeleta 500, za pili 350, za tatu 200, za nne 50 tu, za tano zimekuondolea 100. Kila kilo 20 zinakugharimu kilo 100 za shayiri. Hadi 60 unapata, kutoka 60 kwenda 80 unatoa 100 unapokea 50. Ukiichora vizuri kwenye karatasi mavuno ya juu kabisa yako kwenye 77 hivi, ila faida ya juu iko kwenye 63. Hayo ni mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya kila msimu, mtu anajisifu kavuna kuliko wote kumbe kilo zake za mwisho kazinunua ghali kuliko alivyoziuza.

Sasa mbolea ipande mara mbili, kilo ya naitrojeni iwe kilo 10 za shayiri badala ya 5. Wengi hapa wanakata nusu. Fanya hesabu tena kwenye mfano ule ule, kiwango cha faida kinashuka kutoka 63 kwenda 50. Kilo 13 tu! Bei imeruka mara mbili na kiwango kimeshuka kwa moja ya tano. Sababu ni kwamba zile kilo za mwanzo zinalipa sana, hata urea iwe ghali vipi huziachi, unachokata ni mkia. Kwahiyo mbolea ikipanda usiwe na hofu ya kurudi sifuri, na usikate kote kote, kata mkia.

Na kuna kitu kwenye kimea ambacho hesabu za mahindi hazina. Turudi kwenye uwiano wa 5. Ukipungukiwa, ukaweka 50 badala ya 63, unapoteza mavuno kilo 100 lakini umeokoa mbolea ya kilo 65 za shayiri, hasara ni kama kilo 35. Ukizidisha kwenda 77 hasara nayo ni hiyo hiyo 35 hivi. Inaonekana sawa sawa eeh? Siyo sawa. Huku kwenye kuzidisha kuna hatari ya protini. Tuseme bei ya chakula cha mifugo ni robo tatu ya bei ya kimea, mzigo wa kilo 2,900 ukikataliwa umepoteza thamani ya kilo 725. Hata kama nafasi ya kukataliwa ni moja kwa kumi, hiyo ni sawa na kilo 72 kila msimu, mara mbili ya hasara ya kuweka pungufu. Ndio maana mimi kwa shayiri ya kimea huwa nakaa upande wa chini wa hesabu makusudi. Kwa mahindi sifanyi hivyo.

Kingine, hata bila protini usiende mpaka ile kilo ya mwisho inayorudisha 5 kwa 5. Pesa ya mbolea umeitoa miezi kadhaa kabla ya mavuno, labda ni mkopo, na mvua hujaiona. Watafiti wa CIMMYT, kile kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, kwenye hesabu zao za wakulima wadogo walikuwa wanataka pesa inayoongezwa irudi na faida ya angalau asilimia 50 hadi 100 ndio wapendekeze kitu, yani ukitoa 5 irudi 7.5 mpaka 10. Ni akili nzuri. Ukiitumia kwenye mfano wetu unarudi tena kwenye 50 na kitu.

Haya, kwako wewe sasa. Ulipiga kilo ngapi? DAP ina naitrojeni asilimia 18, mifuko 2 ya kilo 50 ni kilo 18, urea mifuko 3 ni 69, jumla 87 kwa hekta, na hiyo ni juu ya kile maharage na udongo vimekupa. Maharage watu wanayasifia sana ila ukweli kati ya mikunde yanashika hewani kidogo, na ukibeba punje unaondoka na nyingi, sitayapa zaidi ya kilo 10 hadi 20. Bado ni kitu. Tufanye hesabu ya mahitaji: unataka tani 2.8 zenye protini 11, punje zitabeba kilo 43 hivi za naitrojeni, weka na mabua na mizizi mmea mzima unahitaji kama 57. Shamba ambalo bila mbolea linatoa tani 1.8, kama lile la mfano, lenyewe linaupa mmea kama kilo 32 za naitrojeni. Pengo ni 25, na kwa kuwa mbolea inaingia nusu, unahitaji kama 50 ya mfukoni. Namba imetoka karibu na ile ya bei japo njia ni nyingine, zikikutana hivi nalala usingizi mzuri kidogo.

Kwahiyo msimu huu ningeanzia hapa: DAP mfuko mmoja wa kupandia, urea mfuko mmoja na nusu wa kukuzia, jumla kilo 43 na kitu za naitrojeni, maharage yakujazie zilizobaki. Kipande ambacho kimetoka shayiri au mahindi badala ya maharage, urea iwe mifuko 2. Yote iwe imeingia kabla shina halijaanza kurefuka. Baada ya hapo hata ukiona rangi inafifia funga stoo. Kufifia kidogo wakati wa masuke kwa shayiri ya kimea siyo ugonjwa, mara nyingi ndio dalili kwamba umeipatia.

Hiyo DAP nimeikata kutoka 2 kwenda 1, najua utashtuka. Mifuko 2 ilikuwa inakupa kilo 46 za fosforasi ile inayoandikwa mfukoni P2O5. Punje zinaondoka na kama kilo 8 kwa tani, tani zako 2.9 zimetoa 23. Ulikuwa unaweka mara mbili ya unachovuna, na kama umefanya hivyo miaka kadhaa, hiyo akiba ipo chini ardhini ulishailipia. Ila hapa nasema kwa sharti, pima udongo kwanza. Kama maabara wametumia njia ya Olsen, mojawapo ya njia za kupima fosforasi ya udongo, na jibu liko chini ya 10 (miligramu kwa kilo ya udongo) usikate, likiwa juu ya 20 mfuko mmoja unatosha kabisa na msimu mmoja unaweza hata kuruka. Uliza wametumia njia gani, maana namba ya Olsen siyo namba ya Bray wala Mehlich, watu wanalinganisha majibu ya njia tofauti alafu wanagombana. Na kama udongo wako ni mwekundu mzito au wa volkano unaoshika fosforasi kama mchoyo, usikate haraka. Kuiweka kwenye mstari karibu na mbegu badala ya kumwaga shamba zima inasaidia sana, kwenye udongo maskini kiasi kidogo mstarini kinafanya kazi ya kikubwa kilichomwagwa. DAP hiyo hiyo isigusane na mbegu kwa wingi, na urea usiiweke kabisa pamoja na mbegu, inaunguza uotaji.

Kabla ya yote hayo angalia asidi. Kati ya nafaka shayiri ndio haivumilii udongo wenye asidi, pH ikiwa chini ya 5.5 alumini inaanza kuchoma ncha za mizizi, mizizi inakuwa mifupi minene, na mbolea yote unayoweka juu inakosa wa kuipokea. Hapo pesa ya kwanza ni chokaa ya kilimo. Nimeshaona mashamba ambayo mwenyewe anaongeza mfuko kila mwaka na mavuno yamegoma pale pale, kumbe tatizo halikuwa mfuko. Urea na DAP zenyewe zinaongeza asidi taratibu, kwahiyo kupima mara moja baada ya miaka mitatu hivi inatosha. Chukua vijiko vya udongo sehemu 15 hadi 20 kwa kipande, sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi, usichukue ulipokuwa umerundika samadi wala kwenye kichuguu.

Potasiamu nitapita haraka, punje haziondoki nayo nyingi, ila mabua yana zaidi ya kilo 10 kwa tani, kwahiyo kama unauza mabua au unayapeleka kwa ng'ombe kila mwaka bila kurudisha samadi, siku moja itakudai, hasa udongo wa mchanga. Salfa ndio inasahaulika. Ile rangi iliyofifia uliyoiona, jiulize ilikuwa majani ya chini au ya juu. Naitrojeni ikipungua majani ya zamani ya chini ndio yanaanza kuwa njano, salfa ikipungua ni majani mapya ya juu. Kama yalikuwa ya juu basi ulitibu ugonjwa ambao haukuwepo na urea haina salfa hata chembe. Kilo 10 hadi 20 za salfa kwa hekta zinatosha, unaweza kubadilisha sehemu ya urea na salfeti ya amonia ambayo ina naitrojeni 21 na salfa 24, mfuko mmoja unakupa salfa 12 na naitrojeni kama 10, kwahiyo punguza urea kiasi hicho.

Kuhusu kukuzia, subiri mvua. Ukimwaga urea juu ya udongo wenye unyevu kidogo alafu jua likawaka, sehemu yake inapaa kama amonia, mwaga ukiwa na uhakika mvua ya milimita 10 hadi 15 iko njiani au ifukie. Na hapa ndio faida ya kugawa, DAP inaingia wakati wa kupanda, urea unaishika mkononi mpaka wiki ya tatu au ya nne, shayiri ikiwa inatoa machipukizi. Mvua ikiwa nzuri weka yote. Mvua ikiwa imesuasua weka nusu au acha kabisa, sababu ukame wakati wa kujaza punje wenyewe unapandisha protini, wanga haujai, punje inakuwa nyembamba na protini ile ile inaonekana kubwa. Kwahiyo inawezekana sehemu ya 13.4 yako ilikuwa ukame siyo urea, wewe ndio unajua mvua iliisha lini. Kuchelewa kupanda nako kunasukuma kujaza punje kwenye kiangazi, na kupanda mapema hakuna bei dukani.

Sasa hiyo 43 siyo namba ya milele, ni ya kuanzia. Namba ya shamba lako utaipata shambani kwako na kazi yenyewe siyo kubwa. Tenga vipande virefu ndani ya shamba, vinne sambamba, upana utakaoweza kuvuna na kupima bila kubahatisha: kimoja kisipate urea kabisa, kimoja mfuko mmoja kwa hekta, kimoja miwili, kimoja mitatu. DAP iwe sawa kote. Rudia seti hiyo sehemu tatu za shamba na kila seti ubadilishe mpangilio, maana ukiweka kile cha mifuko mitatu bondeni kila mara utakuja kuniambia urea ina maajabu kumbe ni bonde. Vuna kila kipande peke yake, pima uzito, chukua sampuli ya kila kimoja mnunuzi akupimie protini na unene wa punje kwenye chekecheo.

Kile kipande bila urea ndio watu hawataki, wanaona wanapoteza. Mkuu hicho ndio cha muhimu kuliko vyote, bila hicho hujui udongo wako unatoa nini na hesabu zote za juu zinaelea. Kifanye kidogo kama moyo unauma, ila kiwepo. Ukipata mavuno manne na protini nne, kaa na kalamu, andika nyongeza kati ya kipande na kipande, linganisha na bei ya msimu huo kwa kilo za shayiri, alafu chora mstari pale protini inapovuka 11.5. Siyo 12, acha nafasi ya msimu mkavu. Kinachotangulia kati ya bei na protini ndio kikomo chako. Kwa mashamba yaliyotoka mikunde mara nyingi protini inatangulia, kwa mashamba yaliyochoka bei ndio inatangulia, na huko hata ukiona protini chini ya 10 na nusu ujue kuna mavuno umeyaacha mezani na unaweza kuongeza kidogo msimu unaofuata bila hofu.

Ukipata majibu ya udongo niandikie pH, fosforasi na njia waliyotumia, na mboji kama wamepima, alafu niambie mvua ya msimu uliopita ilikatika wiki ngapi baada ya masuke kutoka. Hiyo ya mwisho ndio itanisaidia kujua ile 13.4 niilaumu urea kiasi gani.